Macho Yangu Hayali Muguka

Akina mama wanne wa kanisa walikuja kwangu Kaloleni, hapa Voi, jioni moja wakiwa wamebeba kilo mbili za sukari. Niliihesabu ile sukari kabla ya kuwahesabu wao, kwa sababu watu hawabebi sukari hivi hivi. Kwangu hakukuwa na mgonjwa kitandani wala matanga. Nikaelewa kwamba matanga yenyewe ni mimi.

Wakanywa chai. Wakasifu mapazia ambayo wameyaona miaka yote. Halafu msemaji wao, mwalimu mstaafu ambaye hata akikuomba chumvi anakuomba kama anayesahihisha mtihani, akasema tuombe. Aliomba kwa kirefu. Alipofika mahali pa kumshukuru Mungu anayewafungua waliofungwa na majani, nikainua kichwa. Majani gani tena?

"Mama," akaniambia baada ya amina, "sisi ni wazazi wenzako. Hatujakuja kukuhukumu. Lakini watu wameona."

"Wameona nini?"

"Macho hayo. Na chupa ya maji, huiachi. Na hiyo chingamu mdomoni, mtu mzima."

Voi nzima inajua maana ya vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja. Macho mekundu, mdomo mkavu unaoomba maji kila saa, na chingamu shavuni ya kupunguza ukali: huyo anatafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha yanayomnyima mtu usingizi. Vijana wa stendi wanatafuna, madereva wa malori wanatafuna, na sasa hawa wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vyangu wakinihesabu pamoja nao.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema. "Nimepimwa. Mwili wangu unajipiga wenyewe. Umekausha machozi, umekausha mate."

Mwalimu mstaafu akanishika goti. "Ndiyo, mama. Hata hayo ya majani ni ugonjwa. Sasa umeanza kukubali."

Wa nne wao, aliyekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoka wa kwanza, alikuwa wifi yangu, dada ya mume wangu. Nilimtazama aseme kitu. Akatazama kikombe chake. Nikarudia maneno yale yale kwa Kidawida, lugha niliyojifunza kwao nilipoolewa nikitoka Ukambani, nikidhani labda Kiswahili ndicho kilichonisaliti. Wifi akavuta kitambaa chake begani.

Walipoondoka waliacha sukari. Sikuwarudishia. Hasira ni kitu kimoja na sukari ni kitu kingine.

Niseme jinsi nilivyofika hapo, maana hata nilichowaambia sikukipata kwa urahisi. Ilianza na vidole. Asubuhi vilikuwa vimefura na kukakamaa, naomba mume wangu anifungulie mfuniko wa chupa kama mtoto. Zahanati wakasema baridi yabisi, wakanipa vidonge vya maumivu. Kisha macho: kama mtu amenimwagia mchanga laini chini ya kope, kila siku, hata nikiwa ndani ya nyumba. Hospitali wakasema ni vumbi la Voi. Wakanipa dawa ya matone ya kuua wadudu. Nikaenda tena, wakanipa ile ile. Kisha meno yakaanza kuoza kwa pamoja. Daktari wa meno akang'oa mawili, akaniambia nipunguze sukari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenzake ameona nini. Kila mmoja aliangalia kipande chake, akalipwa, na hakuna aliyepima jiwe zima.

Mwenye duka la dawa yeye aliniuzia matone ya kuondoa wekundu. Nilibishana naye bei, akanipunguzia, nikatoka nikijiona mjanja. Asubuhi macho yakawa meupe kama sahani ya wageni. Adhuhuri yakarudi mekundu kuliko mwanzo. Nikaongeza matone. Yakazidi. Nilirudi kumwambia dawa yake inakopa wekundu wa leo na kunilipisha kesho na nyongeza juu. Akaniuliza, "Madam, unalala usiku lakini?" Hata yeye.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa daktari wa macho katika kliniki moja hapa Voi, mwanamke mfupi mwenye haraka. Nilikuwa namweleza habari ya mchanga wa machoni, naye akaniangalia mikono.

"Vidole vinakaza asubuhi?"

"Vinakaza."

"Mkate unameza bila chai?"

Sikuwa nimemwambia mtu habari ya mkate. Nilidhani ni uzee.

Akachukua ukanda mwembamba wa karatasi, akaukunja ncha, akauning'iniza kwenye ukope wangu wa chini, akaniambia nifumbe macho tungoje. Machozi yanatakiwa kuilowesha ile karatasi, yashuke nayo kama maji yanavyoshuka kitambaani. Alipoitoa, ilikuwa imelowa pale pembeni tu, kiasi cha kutia aibu.

"Rudia," nikamwambia. "Karatasi inaweza kuwa mbovu."

Akarudia. Ikatoka vile vile. Akanieleza: mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na wangu wamegeuka, wanapiga mwenye nyumba. Wamepiga viungo, wamepiga vile vifuko vidogo vinavyotengeneza machozi na mate. Akataja jina la ugonjwa, jina la kigeni ambalo mimi nikilitamka linasikika kama nimelitunga njiani. Akanituma damu ikapimwe, akaniandikia niende Mombasa kwa mtaalamu wa viungo, maana macho ni dirisha tu, moto uko ndani ya nyumba.

"Na itapona?"

"Haiponi. Inatunzwa."

"Punguza kidogo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimetajiwa bei isiyoshuka. Nikatoka na machozi ya chupa ya kutia mchana, mafuta ya macho ya kupaka wakati wa kulala, na masharti: usikae mbele ya feni, usikae kwenye upepo, pepesa macho mara kwa mara hata kama hujisikii. Na chupa ya machozi, ikishafunguliwa, baada ya mwezi inatupwa hata kama imebaki nusu. Hilo nililipinga. Nikashindwa pia.

Sasa, kazi yangu ni mawe ya kijani. Mimi ni broka. Kuna kikundi cha akina mama chini ya Mwatate, baada ya mashamba ya mkonge, wanaopekua kifusi cha shimo la zamani ambalo wenye mashine waliliacha. Wao wanachimbua na kupepeta. Mimi naangalia jiwe ndani, nasema lina nini, kisha nalipeleka kwa mnunuzi na kupigania bei. Wananiita jicho la kikundi. Mwenyekiti wao ni wifi yangu, yule yule wa karibu na mlango.

Mikono hii haishiki jembe tena. Haibebi gunia, haifui nguo nzito. Wakiniondoa kwenye kazi ya jicho, sina kazi nyingine, na hilo walilijua.

Wiki moja baada ya ile ziara ya sukari, kifusi kikatoa jiwe. Si lile la kawaida la ukubwa wa punje ya mahindi. Hili lilikaribia ukucha wa kidole gumba, kijani cha ndani kabisa. Wifi akanipigia simu nije kwake, na nilipofika nikakuta kikundi kizima uani, jiwe liko kwenye sahani ya bati katikati kama nyama ya harusi. Hakuna aliyenipa kiti mara moja.

"Tumeonelea," akaanza mmoja, "safari hii labda twende na yule broka wa barabara ya Taveta."

"Ana nini yule?"

"Ametulia. Ana macho meupe."

"Hata samaki wa barafu pale sokoni ana macho meupe. Mpeni jiwe akauze."

Wawili wakacheka, wakakoma haraka. Halafu wakaanza kuongea Kidawida wao kwa wao, kwa sauti ya chini, kwamba nitaenda kusinzia kwa mnunuzi, nipewe bei ya changarawe. Niliwaacha wamalize. Kisha nikawaambia, kwa Kidawida hicho hicho, kwamba mtu anayesinzia hasikii, na mimi nimesikia.

"Basi apimwe mkojo," akasema mama mmoja, aliyekuwa akipepeta na mimi tangu siku ya kwanza ya kikundi. "Ikionekana hakuna kitu, yameisha."

Mkojo! Hata leo nikiandika neno hilo vidole vinauma zaidi. Nilikuwa nimewauzia mawe yao msimu baada ya msimu, nimetukanwa na wanunuzi kwa niaba yao, nimewahi kutoka kwenye meza nikajifanya ninaondoka na nikafika kweli barabarani kabla ya kuitwa. Na sasa nikojoe kwenye kikopo ili niaminiwe.

"Mkojo wangu hauangalii mawe," nikamwambia. "Hautaonyesha kitu."

Wifi ndiye aliyekata maneno. Akasema jiwe nitaenda nalo mimi, lakini yeye atakuwa nami mguu kwa mguu. Akiona sawa, sawa. Asipoona sawa, mawe yote kuanzia hapo yanaenda kwa macho meupe.

"Unakuja kama wifi au kama polisi?"

"Nakuja kama mwenyekiti."

Kesho yake nilifanya jambo la kijinga kwa sababu ya hasira. Niliacha nyumbani chupa ya maji, nikaacha na chingamu inayoniitia mate. Nilitaka wifi akae siku nzima bila kuona dalili hata moja. Nilibeba matone tu, ndani kabisa ya mkoba.

Mnunuzi ana chumba nyuma ya soko la Voi, meza, taa, mizani ndogo na feni ya kusimama. Ni mwanamume mnene wa kutoka mbali, anayekuita mama kwa namna ya kukupunguzia bei. Alitukalisha pale feni inapopiga. Kabla hajalifunua jiwe, macho yangu yalikuwa yanawaka.

"Naomba uzime feni."

"Kwa joto hili, mama? Ama ndio mnaanza kunibana?"

Akaliweka jiwe chini ya taa, akaliangalia kwa lenzi, akaligeuza, akavuta pumzi ya huzuni. Kila mnunuzi anayo pumzi hiyo, nadhani wanafundishwa.

"Lina ufa. Angalia hapa. Unapita katikati. Nikilikata litagawanyika mikononi. Hii ni bei ya vipande."

Akataja bei ya vipande. Nikamwona wifi akishusha mabega.

Nikalichukua jiwe. Kulikuwa na mstari kweli, lakini niliuona kama mtu anavyoona barabara ndani ya ukungu. Nikapepesa. Ukungu ukaja na miiba. Mstari unaweza kuwa ufa, na unaweza kuwa mkwaruzo wa ngozi ya juu tu, na kati ya hivyo viwili kuna karo ya watoto wa kikundi kizima. Dawa yake ni rahisi na kila mtu wa mawe anaijua: unalilamba. Mate yanajaza mikwaruzo, jiwe linafunguka kama dirisha lililopanguswa. Mkwaruzo unapotea. Ufa haupotei, maana uko ndani. Tunalamba mawe kama watoto wanavyolamba ndimu, hatuna aibu.

Nilitoa ulimi. Ulikuwa mkavu kama kiatu.

Mnunuzi akaniona. Nikatoa chupa ya matone, nikainamisha kichwa nyuma, nikatia tone kila jicho. Feni ilikuwa bado inapiga.

"Aa," akasema, akamgeukia wifi, akitabasamu kama mtu aliyepata jirani wa kusengenya naye. "Huyu mama hajalala. Ni majani ya jana haya. Mpeni soda kwanza ndio tuongee biashara." Kisha kwangu: "Lamba basi uone huo ufa. Ama mate yamekwisha? Broka gani huyu hana mate?"

Kulikuwa na jagi la maji mezani kwake. Kumwomba kungekuwa kukiri kwamba kweli sina mate, na bei ingelala hapo hapo chini. Nilibaki nimefumba macho, nimeshika jiwe, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba masikio yalikuwa yanapiga ngoma.

"Lete," akasema wifi.

Akalitoa jiwe kiganjani mwangu. Nilifumbua macho nikamwona akilitia lote mdomoni, kama karanga, shavu likafura, akalizungusha, akalitoa likiwa linametameta, akanirudishia.

"Angalia."

Baada ya tone kuingia, na ukitulia, kuna muda mfupi ambapo dunia inakuwa imeoshwa. Haudumu, mchanga unarudi. Lakini ndani ya muda huo macho yangu ni yale yale ya zamani. Nikaliinua jiwe kwenye taa. Kijani kilishuka chini moja kwa moja kama kisima. Kulikuwa na kidoa kimoja pembeni, kidogo. Katikati hapakuwa na kitu. Nikaligeuza, nikaliangalia mara ya pili kwa sababu hiyo ndiyo desturi yangu. Hapakuwa na kitu.

"Ufa wako umeenda wapi?"

"Hebu lilambeni tena," akasema mnunuzi.

"Nitalilamba mpaka saa ya chakula cha mchana," akasema wifi. "Na wewe ulipoambiwa uzime feni ulikuwa kiziwi?"

Akazima. Akachukua lenzi, akaangalia jiwe likiwa bado limelowa mate ya mwenyekiti wa kikundi, na safari hii hakuvuta ile pumzi. Mimi nikafumba macho tena, maana yalikuwa yameanza kuwaka, nikataja bei yangu nikiwa nimefumba.

"Mama, fungua macho tuongee."

"Macho yana kazi yake. Masikio yako wazi."

Alipanda. Nikatulia. Akapanda. Wanunuzi huwa wanasoma kope: ukipepesa wakati bei inatajwa, wanajua umefika. Siku hiyo kope zangu zilikuwa ukuta, hakuwa na pa kusoma. Alipofika nilipopataka, nikaongeza kidogo kwa ajili ya soda aliyonitakia, akatukana kwa lugha ya kwao, akalipa. Nikahesabu, nikampa wifi naye ahesabu.

Tulitoka tukasimama kwenye kivuli cha ukuta wa duka la mbolea. Wifi alikuwa anatema mate pembeni, bila shaka kifusi kina ladha yake. Kisha akasema, kama mtu aliyegundua kitu:

"Kwa hivyo si muguka."

Nilitaka kumshika kitambaa nimtikise.

"Niliwaambia, wifi. Niliwaambia nyumbani kwangu mkiwa na chai yangu mdomoni."

"Ungetueleza vizuri."

"Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kidawida. Mlitaka Kichina?"

"Mimi sikusema kitu siku ile."

"Hilo ndilo nakuambia. Hukusema kitu."

Malori yalikuwa yanapita na upepo wake, nikageuza uso ukutani.

"Lakini yule mwanamume naye," akasema, "alivyokuongelesha! Mpaka damu ikanichemka."

"Alisema maneno yenu. Hakuongeza hata moja."

Hapo akaniangalia vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule. Macho yangu yalikuwa mekundu kama kawaida.

"Sawa," akasema. "Mawe yanabaki kwako. Nitawaambia kikundi leo hii."

"Mawe ni haki ya kazi niliyofanya. Sasa tuongee lile lingine."

"Lipi tena?"

"Mlinitangaza. Mtanitangazua."

Alijaribu. Alisema atamwambia mwalimu mstaafu. Nikakataa. Akasema atawaambia wale wanne pamoja, kwake, na atapika. Nikakataa. Akasema akina mama wote wa kanisa, baada ya ibada, pembeni. Nikamwambia habari yangu haikuzunguka pembeni, ilipita katikati ya mji mpaka ikafika kwa mtu asiyetoka hata kaunti hii.

"Basi kanisani, mbele ya watu," akasema, amechoka. "Jumapili ijayo."

"Jumapili hii."

"Wifi, Jumapili hii ni mavuno! Watu watajaa mpaka nje."

"Wataweka spika nje?"

"Wataweka."

"Basi ni hiyo hiyo."

Aliniangalia kama mimi nilivyomwangalia daktari siku ya karatasi. Nilimwacha aangalie. Bei yangu pia ilikuwa haishuki.

Na alisimama, nimpe haki yake. Kwenye mnada wa sadaka za mavuno, baada ya jogoo kununuliwa na kabla ya mkungu wa ndizi kuinuliwa, akamwomba mwendesha mnada kipaza sauti. Kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Akasema wifi yake hatafuni kitu, hajawahi, ni mgonjwa, mwili wake unajipiga na kumkausha macho na mdomo, na kwamba wao wanne walienda kwake na maneno ya uongo na yeye alikuwa mmoja wao. Alisema haraka, kama anayevuka barabara. Spika za nje zikarudia kila neno. Mwalimu mstaafu alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo, na hapakuwa na wimbo.

Baada ya ibada watu walinizunguka. Sasa nilikuwa mgonjwa rasmi, kila mtu akawa daktari. Mmoja akaniambia nikate vitunguu, machozi yatarudi. Mwingine mwarubaini. Kijana mmoja akaniuliza kama inaambukiza, mama yake akamfinya. Mwalimu mstaafu alikuja wa mwisho, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, juu ya vidole vile vile vinavyouma, akafinya.

"Mama, tulikuja kwa upendo. Sasa yameisha, si ndiyo?"

Nikavuta vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja, mpaka vyote vikatoka.

"Yakiisha nitakuambia."

"Lini?"

"Mwalimu, wewe ngoja. Hata mimi hospitali naambiwa ningoje."

Akasimama hapo. Nikatoa chupa yangu mkobani, mbele yake na mbele ya kanisa zima, nikainamisha kichwa nyuma na kutia tone jicho la kulia, kisha la kushoto, bila haraka yoyote.